Ladha Tamu Katika Sigara za Kielektroniki: Mama, Jua Kilichomo

Kama unanyonyesha, endelea kunyonyesha. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo tusikizane. Nawe nyanya unayelea wajukuu, nawe dada unayetunza watoto wa wenyewe, mada ya leo inakuhusu pia.

Leo tutazungumza juu ya sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wetu wanaiita vepu. Tutaangalia hasa ladha zinazotiwa ndani yake: ladha ya embe, ya stroberi, ya vanila, ya mnanaa, ya keki na ya peremende. Wazazi wengi wanadhani kwamba kwa kuwa inanukia matunda, basi haina madhara. Mtoto naye akiulizwa hujibu, "Mama, hii si sigara. Ni ladha tu." Basi leo tuifungue hiyo "ladha tu" tuone ndani yake mna nini.

Kifaa hiki ni nini?

Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilitengenezwa na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik mwaka wa 2003. Haina majani ya tumbaku na haiwashwi kwa kiberiti. Ina betri, kijiwaya kinachopata moto, na kihifadhi kidogo cha maji. Anayeivuta anapovuta hewa, kijiwaya hupata moto, yale maji hugeuka mvuke, na mvuke huingia mapafuni.

Kwa sura, nyingine zinafanana na kalamu. Nyingine zinafanana na flashi ya kompyuta au kalamu ya rangi ya kuandikia vitabuni. Ndiyo maana mama anaweza kuiona mezani kila siku na asijue ni nini.

Maji yake yana nini?

Maji hayo si maji ya kunywa. Kwa kawaida yana vitu vinne.

Cha kwanza ni gliserini, ile ile ambayo wengi wetu tunapaka kwenye ngozi wakati wa baridi. Cha pili ni propilini glikoli, kemikali isiyo na rangi inayotumiwa kuchanganyia ladha na dawa. Hivi viwili ndivyo vinavyotoa lile wingu jeupe. Cha tatu ni nikotini, ile inayomfanya mtu awe mtumwa wa sigara. Cha nne ni ladha.

Ladha hiyo haikukamuliwa kutoka kwa embe wala stroberi. Ni mchanganyiko wa kemikali zilizotengenezwa zifanane na harufu ya tunda. Ladha moja tu inaweza kuwa na kemikali nyingi ndani yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Desemba 2023 kwamba kuna angalau ladha 16,000 za sigara hizi sokoni.

Tumbo si mapafu

Sasa mama atauliza, na ni swali zuri: "Muuguzi, si hizi ni ladha zile zile tunazotia kwenye keki na mandazi? Mbona chakula hakitudhuru?"

Ni kweli, nyingi kati yake ni zile zile za chakula. Zilipimwa na kukubaliwa kuwa salama. Lakini zilipimwa kwa kuliwa. Hazikupimwa kwa kuvutwa mapafuni. Hata chama cha watengenezaji wa ladha za chakula nchini Marekani kimesema wazi kwamba kibali chao cha usalama ni cha chakula, wala hakihusu sigara za kielektroniki.

Mama, wewe unalijua jambo hili kuliko profesa. Maziwa ni chakula bora cha mtoto. Lakini mtoto akipaliwa, maziwa yakaingia mapafuni, unajua kinachofuata: kikohozi, kushindwa kupumua, na pengine nimonia. Maziwa hayakubadilika. Kilichobadilika ni njia yaliyopitia.

Tumbo lina ukuta mnene, lina asidi, na chakula kinachofyonzwa hupitia kwanza kwenye ini, ambalo husafisha sumu nyingi. Mapafu hayana ulinzi wa namna hiyo. Yana vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na kuta zake ni nyembamba kuliko karatasi ili hewa iingie kwenye damu upesi. Kemikali ikifika pale, nayo huingia upesi.

Funzo kutoka kiwanda cha bisi

Hili si jambo la kukisia. Lilishaonekana Marekani, na halikuanzia kwenye sigara. Lilianzia kwenye bisi, zile ambazo watoto wetu wanaziita popkoni.

Katika mji wa Jasper, jimbo la Missouri, kulikuwa na kiwanda cha kutengeneza bisi za kupikwa kwa maikrowevu. Mwaka wa 2000, daktari mmoja aliarifu idara ya afya kwamba watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda hicho walikuwa na ugonjwa wa mapafu usio wa kawaida. Walikuwa wanakohoa na kukosa pumzi. Wengine walikuwa wameambiwa wana pumu au mkamba. Wanne kati yao waliwekwa kwenye orodha ya kungojea kubadilishiwa mapafu.

Wachunguzi wa serikali walipofika, waliona kwamba walioumia zaidi ni wale waliochanganya ladha ya siagi kwenye mapipa ya mafuta ya moto. Mvuke uliotoka hapo ulikuwa na kemikali inayoitwa dayasetili. Dayasetili ndiyo inayotoa ile harufu nzuri ya siagi. Hupatikana hata kwenye siagi yenyewe, na ukiila haina shida. Lakini wafanyakazi hawa hawakuila. Waliivuta siku baada ya siku.

Inapovutwa kwa wingi, dayasetili huunguza njia ndogo ndogo za hewa. Zinapopona hufanya makovu, makovu yakaziba njia. Makovu hayo hayafunguki tena kwa dawa. Ugonjwa huu ulikuja kuitwa mapafu ya bisi.

Sasa turudi kwenye sigara. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima aina 51 za sigara za kielektroniki zenye ladha. Walitafuta dayasetili na kemikali mbili zinazofanana nayo. Dayasetili ilipatikana katika aina 39. Ukijumlisha zote tatu, angalau moja ilikuwa katika aina 47 kati ya 51. Na haikuwa kwenye ladha za siagi pekee. Ilikuwemo hata kwenye ladha za matunda na peremende.

Nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba kila anayevuta vepu atapata ugonjwa wa wale wafanyakazi. Kiasi walichovuta kilikuwa kikubwa. Na sigara ya kawaida nayo ina dayasetili, tena nyingi. Ninachosema ni hiki: kemikali inayojulikana kuharibu mapafu haina kazi yoyote katika mapafu ya mtoto wako. Uingereza, kwa mfano, hairuhusu dayasetili katika maji ya sigara hizi. Je, ile chupa inayouzwa kichochoroni, isiyo na maandishi ya kueleweka, imepimwa na nani?

Mdalasini, cheri na vanila

Dayasetili si peke yake. Ladha ya mdalasini hutokana na kemikali inayoitwa sinamaldehaidi. Ndani ya njia zetu za hewa kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo hufagia makohozi na vumbi kwenda juu ili tuyatoe. Ni kama fagio lisilopumzika. Katika maabara, kemikali hii ya mdalasini iliwekwa kwenye seli za njia ya hewa, na vinyweleo hivyo vikapunguza mwendo. Fagio likilala, uchafu unabaki, na viini vya magonjwa vinapata makao.

Ladha ya cheri hutokana na benzaldehaidi, ambayo huwasha njia ya hewa. Mwaka wa 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kupima sigara 145 za ladha mbalimbali. Benzaldehaidi ilipatikana katika 108, na zile za cheri ndizo zilizokuwa na kiwango cha juu zaidi.

Na kuna jambo jingine ambalo hata watengenezaji wengi hawalisemi. Ladha hazitulii ndani ya chupa. Mwaka wa 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke walionyesha kwamba kemikali za ladha za vanila, cheri na mdalasini huungana na propilini glikoli zikiwa bado chupani, kabla hata kifaa hakijawashwa. Zikiungana hutoa kemikali mpya ambazo hazikuandikwa kwenye karatasi ya chupa, na kemikali hizo huamsha zaidi neva zinazohisi mwasho katika njia ya hewa. Kwa hivyo hata anayesoma maandishi ya chupa kwa makini, hasomi yote yaliyomo.

Moto nao huongeza yake

Wewe mpishi unajua mafuta yakiungua kwenye kikaango, moshi wake huwasha macho na koo. Moja ya kemikali zilizo katika moshi huo ni akrolini. Gliserini ikipata joto kali ndani ya kifaa hiki hutoa akrolini hiyo hiyo. Kifaa kikipata moto kupita kiasi, hutoa pia fomaldehaidi. Hii ndiyo kemikali inayochanganywa na maji ikaitwa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti mochari. Fomaldehaidi ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani.

Usisahau yaliyotokea Marekani mwaka wa 2019. Vijana wengi waliokuwa wazima walifika hospitalini wakishindwa kupumua. Kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, na waliofariki walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi kwa kutumia vifaa hivi, na kilicholaumiwa zaidi ni aina ya vitamini E iliyochanganywa humo. Vitamini E hiyo ukiimeza au ukiipaka ngozini haina neno. Mapafuni iliua. Unaona, mama? Ni lile lile la maziwa na mtoto aliyepaliwa.

Kwa nini ladha zinatiwa?

Nikotini yenyewe ni chungu na huwasha koo. Mtoto akiivuta peke yake atakohoa na kuitupa. Ladha tamu huficha uchungu huo, na mnanaa hutia baridi kooni asihisi mwasho. Basi anavuta tena, na tena. Wakati anapoacha kufurahia ladha, tayari mwili unadai nikotini.

Ubongo wa kijana huendelea kukua mpaka karibu miaka 25. Nikotini huvuruga ukuaji huo, hasa sehemu za umakini, za kujifunza na za kujizuia. Mama mjamzito akivuta, nikotini hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo.

Chupa ni sumu kwa mtoto mdogo

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa wenye watoto wanaotambaa. Kichupa chenye harufu ya stroberi na picha ya peremende ni mtego kwa mtoto wa miaka miwili. Kiasi kidogo cha maji yenye nikotini kali kinaweza kumuua. Mwaka wa 2014, mtoto wa mwaka mmoja katika jimbo la New York alifariki baada ya kumeza maji hayo. Mwaka wa 2016 Marekani ikaweka sheria kwamba chupa hizo lazima ziwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua.

Dalili za sumu hiyo ni kutapika, kutokwa na mate mengi, jasho, kugeuka rangi na moyo kwenda mbio. Zikizidi, mtoto hutetemeka, hupata degedege na hushindwa kupumua.

Ukishuku mtoto ameyameza au amejimwagia, fanya hivi:

1. Mwondolee chupa na umfute mdomoni. Usimlazimishe kutapika. Usimnyweshe maziwa wala mafuta.
2. Kama yamemwagika mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Nikotini hupita kwenye ngozi. Kama yameingia machoni, osha kwa maji safi kwa dakika 15.
3. Kama amezirai lakini anapumua, mlaze kwa ubavu.
4. Mkimbize hospitalini mara moja na ubebe ile chupa. Usingoje dalili zizidi.

Utajuaje, na ufanye nini?

Angalia harufu tamu ya matunda chumbani ambapo hakuna matunda. Angalia vifaa vidogo vinavyochajiwa usivyovijua, na vichupa vya maji ya rangi. Angalia kikohozi kisichoisha, kiu ya mara kwa mara, hasira za ghafla, na pesa za nauli zinazopungua bila maelezo. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Ila ni sababu ya kuuliza.

Ukikipata kifaa, usianze na kiboko. Mtoto akipigwa anajifunza kuficha vizuri zaidi. Ketini chini. Muulize: "Hiki ulikipata wapi? Unakitumia mara ngapi? Ukikikosa siku moja unajisikiaje?" Msikilize mpaka amalize. Kisha mweleze haya tuliyoyasema leo, kwa upole na bila kuongeza chumvi. Ukimwambia atakufa kesho, na kesho akaamka, hatakuamini tena.

Akiacha, siku za kwanza atakuwa na hasira, kukosa usingizi na kushindwa kutulia darasani. Huo ni mwili unaodai nikotini, na hupungua. Mpe maji, mpe kazi ya kufanya, mtie moyo. Akishindwa, nenda naye kwenye kituo cha afya, au upige simu ya NACADA nambari 1192 bila malipo upate ushauri.

Maswali ya wasikilizaji

Swali: Mume wangu ameacha sigara ya kawaida na sasa anavuta hii. Nimkataze?

Jibu: Moshi wa sigara ya kawaida una sumu nyingi zaidi, kwa hivyo hatua yake si ya kudharauliwa. Mtie moyo amalize safari, aache zote, na kituo cha afya kitamsaidia. Kwa sasa asivutie ndani ya nyumba, na chupa zifungiwe mahali pa juu. Lakini hoja hiyo ni ya mtu mzima aliyekuwa mvutaji. Mtoto ambaye hajawahi kuvuta hana anachopunguza. Anaongeza tu.

Swali: Mwanangu anasema yake haina nikotini. Kuna shida?

Jibu: Shida ipo. Ladha, gliserini na ule moto bado vipo. Tena, vipimo vimewahi kuonyesha kwamba chupa nyingine zilizoandikwa hazina nikotini, zinayo.

Swali: Sheria inasemaje?

Jibu: Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Jirani zetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki. Wewe ukiona duka au kibanda karibu na shule kinawauzia watoto, mwarifu mwalimu mkuu na chifu. Usinyamaze kwa sababu mtoto si wako.

Kumbuka, mama

- Ladha iliyo salama kuliwa si lazima iwe salama kuvutwa.
- Harufu ya tunda si tunda. Ni kemikali.
- Maandishi ya chupa hayaelezi yote yaliyomo.
- Chupa ya maji haya iwekwe mbali na watoto kama unavyoweka mafuta ya taa na dawa ya panya.
- Zungumza na mtoto kabla hajajaribu. Usingoje.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, umewahi kuona vifaa hivi katika mtaa wenu? Vinauzwa wapi, na nani hununua?
2. Utamjibuje mtoto anayekuambia, "Ni ladha tu"?
3. Mtoto mdogo wa jirani ameshika kichupa na mdomo wake una harufu tamu. Utafanya nini kwanza? Utafanya nini baadaye?

Mama msikilizaji, mapafu hatupewi mara mbili. Mtoto aliyekuja duniani akilia kwa sauti, mkafurahi kwamba amepumua, pumzi hiyo tuilinde. Mwambie na mwenzako kwenye chama, kanisani, msikitini au pale mferejini mnapochota maji. Kinga ni bora kuliko tiba.

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaheri.